Mashine Iliyosikiliza Chumba

4 Februari

Wifi yangu Dokta,

Nakusalimu kwa mikono iliyotoka kufua sasa hivi, kwa hiyo ukiona karatasi imelowa usidhani ni machozi. Sisi huku wazima. Mama goti lake la kulia limetulia, ila la kushoto limeshika zamu. Wanao hawajambo: Chiriku kang'oka meno mawili ya mbele na bado mdomo haufungi, pacha wake tunamwita Mzee kwa vile anavyotembea ameshika kiuno kama mstaafu. Kaka yako yuko kwenye kazi zake za kupima viwanja, atarudi mwisho wa wiki. Anakusalimu sana, anasema usisahau kwamba ni wewe uliyemletea huyu mke anayeongea na kompyuta.

Nimeandika barua kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya kila mtu. Nikisema neno sebuleni, jikoni wameshalijibu.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua niliacha kufundisha hisabati nikaingia chuoni kusomea ujifunzaji wa mashine. Profesa amenitia kwenye kazi yake kubwa. Tunaifundisha mashine kusikiliza kikohozi cha mtoto na kusema kama ni mafua tu au mapafu yameshikwa. Ikifaulu, zahanati isiyo na daktari itahitaji simu peke yake. Matokeo yametoka: inapatia asilimia tisini na nne. Maabara nzima ilipiga makofi. Makala inapelekwa kwenye kongamano kubwa na jina langu limewekwa la pili.

Basi mbona sina furaha? Mle maabara mwanamke ni mimi peke yangu. Wenzangu waliniachia kazi ya kusafisha sauti, eti wanawake tuna masikio ya subira. Nimesikiliza vikohozi vyote, kimoja kimoja, mpaka ndotoni nasikia watoto wa watu. Na kuna kitu nakisikia ambacho siwezi kukitaja. Wale wagonjwa wote ni kama wako mahali pamoja. Nilipolisema hilo, yule kijana tunayemwita Injinia akacheka: "Mama Pacha, hiyo ni huruma ya mama, si sayansi." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka nao, wifi. Hilo ndilo linaloniuma.

Makala nimeitia humu humu ndani ya bahasha. Isome, uniambie kama nimechanganyikiwa.

Mama Pacha


25 Februari

Mama Pacha, wifi niliyejichagulia mwenyewe,

Salamu zako zimenifikia zikiwa bado mbichi. Huku kwangu hakuna jipya: vitabu, kiti kimoja kizuri, na paka wa jirani anayejiona ndiye mwenye nyumba. Mwambie Mama asipande ngazi. Mwambie Chiriku shangazi anasubiri kusikia anavyotamka "sisimizi" bila meno. Na kaka yangu mwambie kelele za mkewe ndizo zitakazomzuia kuzeeka.

Makala nimeisoma, nikairudia. Sitakuambia kama umechanganyikiwa. Nikikuambia utabaki na neno langu, na neno langu halitakufaa kitu siku Injinia akicheka tena. Nakuuliza tu. Kabla mtoto hajakohoa pana kimya kidogo. Kata kile kimya, kikohozi kitupe, uipe mashine kimya peke yake. Inasema nini?

Halafu, kila Jumamosi tunakutana wanawake wachache wa kazi hii, wengine hapa chumbani kwangu, wengine kwa mtandao kutoka miji mingine. Tunasomeana kazi. Hatusifiani ovyo. Kuna mmoja tunamwita Nyundo, huyo hata "hujambo" yake ina swali la pili na la tatu. Wiki ya kwanza atakuliza. Baada ya hapo utamng'ang'ania asiondoke. Njoo, kiti chako kipo.

Na hili ulisome ukiwa umekaa. Taasisi yetu ina nafasi ya mwaka mmoja kwa mtafiti mwanamke. Maombi yanafungwa mwisho wa Mei. Usimwulize kaka yangu kabla hujajiuliza mwenyewe.

Wifi yako


18 Machi

Wifi Dokta,

Natumaini hujambo. Watoto wazima, Mama mzima. Kaka yako yupo.

Nilifanya ulivyosema. Niliwahi maabara kabla ya wenzangu, nikakata vimya vyote, vikohozi nikavitupa, nikaipa mashine. Ikapatia. Wifi, ilipatia karibu sawasawa na mwanzo! Hakuna mtoto, hakuna kikohozi, na bado inaniambia huyu mgonjwa, huyu mzima. Nikakaa sakafuni.

Nikavaa hedifoni, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasikiliza kile kimya. Ndipo nilipokipata. Watoto wagonjwa walirekodiwa wodini, na wodini kuna mashine ya oksijeni inayonguruma chini kwa chini, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Wazima walirekodiwa shuleni, darasani. Mashine yetu haijajifunza kikohozi hata chembe. Imejifunza chumba.

Nilimfuata Profesa ofisini. Alikuwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Umemwonyesha nani?" akaniuliza.

"Wewe kwanza."

"Vizuri. Data haikosi dosari, mimi na wewe tunajua. Makala imeshakwenda, na mwezi wa sita zahanati zinaanza kuijaribu. Huko ndiko tutakakoona."

"Profesa, zahanati hazina mashine za oksijeni. Itawaambia watoto wote ni wazima."

Akaniwekea mkono begani. "Umechoka, Mama Pacha. Nyumba, mapacha, masomo. Nenda kapumzike siku mbili tatu."

Sikuwa nimechoka, wifi. Sijawahi kuwa macho kama nilivyokuwa siku ile.

Nifanye nini? Na safari hii tafadhali, usinijibu kwa swali.

Mama Pacha


9 Aprili

Mama Pacha,

Salamu nyingi, na pole. Huku tunaendelea. Paka amezaa chini ya kitanda changu bila hata kuniomba, nami nimekuwa bibi kwa lazima.

Hutaki swali, haya. Usirudi tena kwenye ofisi ya funguo mkononi. Maneno ya watu wawili mlango ukiwa umefungwa hayana shahidi. Mtafute mmoja kati ya wenzako, yeyote mwenye chembe ya aibu, arudie jaribio kwa mkono wake. Kisha lipeleke mkutanoni, mbele ya wote. Toa namba kwanza. Usiseme "nahisi" hata mara moja, maana hilo neno wataliokota na kulifanya ndilo jina lako. Ukitaka kulia, nililie mimi. Karatasi hizi hazina haya.

Profesa wako tunafahamiana, tumekaa meza moja kwenye makongamano. Nimeshika kalamu nimwandikie, nikaiweka. Nikiandika mimi watasema umetumwa na wifi yako, na kazi itaacha kuwa yako. Nataka ibaki yako.

Sasa na mimi nijibiwe. Ile nafasi hujaigusa hata kwa neno moja. Na barua yako imesema "kaka yako yupo". Yupo ni neno la meza na viti. Kaka yangu ana nini? Mficha uchi hazai, Mama Pacha.

Wifi yako


30 Mei

Mama Pacha,

Leo sina salamu ndefu. Aprili imepita, Mei inakwisha, kiti chako cha Jumamosi kitupu. Nyundo ameniuliza habari zako, na Nyundo si mtu wa kuuliza habari za watu.

Nimepiga simu. Mama akapokea, akasema umelala. Saa nne asubuhi! Wewe, unayeamka jogoo bado anaota. Nikamwuliza kaka yangu yuko wapi, akasema mtandao mbaya, akakata. Mama hajawahi kunikatia simu tangu anizae.

Maombi yanafungwa kesho. Kama hutaki, sema hutaki, hatutakosana. Kama kuna anayekuzuia, sema pia. Hata kama ni wa tumbo moja na mimi.

Wifi yako


21 Juni

Wifi,

Nisamehe. Ni Mama aliyenikalisha mezani na kuniwekea kalamu. Kasema, "Mwandikie mwanangu. Mimi nimechoka kudanganya kwenye simu."

Basi nitakueleza. Kule maabara yuko fundi wa sauti, mpole, hana makuu. Nilimwomba arudie jaribio, akarudia, akapata nilichopata mimi, akaahidi kunishuhudia. Siku ya mkutano nikatoa namba zangu kama ulivyonifundisha. "Nahisi" sikuitamka. Nilipomaliza nikamgeukia fundi anishuhudie. Akatazama viatu vyake. Wifi, alivitazama viatu vile kama vilikuwa vimeandikwa kitu.

Injinia akasema, "Sasa unataka tukose digrii wote kwa ajili ya kimya?"

Profesa akafunga mkutano. Nikamwambia mbele yao, basi jina langu liondoeni kwenye makala. Asubuhi yake kadi yangu ya mlango ikawaka taa nyekundu. Nikaijaribu tena na tena, wanafunzi wanapita wananitazama kama mwizi wa kuku.

Nikarudi nyumbani nikamwambia kaka yako. Na hapo hapo, kwa pumzi ile ile, nikamwambia na habari ya nafasi yenu. Nilikosea kuyaweka pamoja. Akaniuliza, "Umefukuzwa hapa, sasa unakimbilia kwa dada? Mwaka mzima? Na hawa watoto ni wa jirani?" Nikasema Mama amekubali kunisaidia. Akasema, "Kwa hiyo mmeshapanga wote, mimi ndiye niliyebaki kupewa taarifa." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alibeba vifaa vyake vya kupimia akaenda kazini, na mwisho wa wiki ulipofika hakurudi, wala uliofuata. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami huo mshindo nausubiri mpaka leo.

Maombi nilikuwa nimeyajaza yote. Siku ya mwisho nilikaa mbele ya kompyuta na kidole hakikushuka.

Sikukuambia kwa sababu yeye ni damu yako. Damu ni nzito kuliko maji, na mimi katika ukoo wenu ni maji, nimeletwa na ndoo ya harusi.

Zahanati zimeshaanza kuitumia ile mashine. Nami niko jikoni, najua.

Mama Pacha


12 Julai

Mama Pacha,

Salamu zangu kwako, kwa wanangu, na kwa Mama ambaye mwambie nimemsamehe ule mtandao mbaya.

Wewe si maji. Sitaki kulisoma tena hilo.

Nafasi imekwenda kwa mwingine. Ni binti hodari, sitamsema vibaya ili wewe upoe. Kaka yangu nimemwandikia. Nilichomwandikia ni mambo ya tumbo moja, usiniulize.

Sikiliza sasa habari ya kazi. Jumamosi niliwasomea wenzangu jaribio lako. Nyundo akajifungia na mashine yake mwenyewe, hiyo nayo ya vikohozi, aliyoihangaikia mwaka mzima kwenye mji wao. Jana kanipigia: "Huyu wifi yako amenivunjia kazi ya mwaka. Nipe anwani yake nimshukuru." Yake nayo ilikuwa inasikiliza chumba. Anataka mwandike makala pamoja, jina lako la kwanza. Tangu leo yeye ndiye msimamizi wako, si mimi. Mimi nakupenda mno, siwezi kukukaripia inavyotakiwa.

Lakini zahanati haziwezi kusubiri makala. Hospitali mliyorekodi wagonjwa ina bodi ya maadili ya utafiti. Iandikie leo, ueleze ulichokiona na nani uliyemwambia. Nami nimeshaiandikia, kwa jina langu na cheo changu, nikasema wa kwanza kulisikia ni wewe. Watasema umetumwa. Na waseme. Nilikaa na kalamu mkononi tangu Aprili nikijiambia nakulinda.

Wifi yako


2 Oktoba

Wifi yangu Dokta,

Salamu kutoka kwetu sote, na safari hii ninaposema sote nina maana yake. Kaka yako alirudi Agosti. Alisimama mlangoni kama mgeni. Nikamwuliza, "Vipi?" Akasema, "Dada amenitukana." "Amesemaje?" "Amesema kweli." Basi, mpaka leo hatujaongea zaidi ya hapo. Tunapishana humu ndani kwa adabu kama wapangaji. Ila asubuhi ni yeye anayewapeleka watoto shule, na nywele za Chiriku anazichana mpaka mtoto anafanana na ufagio. Anakusalimu, kwa kinywa chake mwenyewe.

Mama anasema magoti yote mawili sasa yamegoma, ameyapa likizo.

Bodi ilisimamisha majaribio mwishoni mwa Julai. Najua ulisikia. Ambacho hukusikia ni kwamba tulichelewa.

Kabla ya kusimamishwa, mama mmoja alimpeleka mwanawe zahanati anakohoa. Simu ikasikiliza, ikasema mzima. Wakampa dawa ya maji wakarudi nyumbani. Siku chache baadaye alirudishwa midomo imegeuka rangi, akalazwa mwezi mzima. Yu hai. Lakini akikimbia kidogo anakaa chini.

Habari hiyo niliipata kwa Profesa. Alikuja hapa nyumbani kwa miguu yake, akasimama uani kati ya nguo nilizoanika. Sikumkaribisha kiti. Akasema, "Niambie tena ulichoniambia mwezi wa tatu." Nikamwambia, neno kwa neno. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Nikasema, "Yule mama lazima aambiwe, na wa kumwambia ni sisi." Akasema, "Twende."

Ni fundi cherehani. Anaishi chumba kimoja, cherehani dirishani, mtoto sakafuni anachezea vifungo. Profesa alianza na maneno ya chuo, marekodi, sampuli, nini. Yule mama akaendelea kushona. Nikaingilia, nikasema, "Dada, ile simu haikuwa inamsikiliza mwanao. Ilikuwa inasikiliza chumba." Akasimamisha mguu.

"Kuna aliyejua?" akauliza.

Kwa kweli nilitaka Profesa aseme. Hakusema. Nikasema, "Mimi nilijua."

"Ukasema?"

"Nilisema. Wakanifungia mlango, nikaenda kukaa nyumbani."

Ndipo Profesa akafungua mdomo. "Aliniambia mimi. Nikamwambia akapumzike."

Hakututukana, wifi. Afadhali angetutukana. Alimwinua mwanawe akampakata, akamfuta pua kwa pindo la nguo aliyokuwa anaishona, nguo ya mteja. Akauliza, "Sasa huyu mlikuwa mnampima nini, kama hamumsikii?"

Tuliaga, tukatoka. Profesa alikwenda mpaka barabarani akasimama, akasahau gari alikoliegesha.

Kadi yangu inafungua mlango tena. Tunarekodi upya, wagonjwa na wazima chumba kimoja, na kazi hiyo nimekabidhiwa mimi. Wameingia mabinti wawili wa mwaka wa kwanza. Juzi mmoja alisema jambo, Injinia akaanza kucheka, nikamtazama tu, kicheko kikamrudi kooni. Makala yetu na Nyundo ameirudisha mara nne imejaa wino mwekundu. Alivyo mkali! Nampenda.

Mwezi ujao, tarehe ishirini, bodi inatuita wote. Kutakuwa na madaktari, mwanasheria wa chuo, na yule mama. Mimi ndiye wa kueleza kilichotokea, tangu mwanzo. Fundi wa sauti amesema atakuja kushuhudia. Alisema hivyo pia mara ya kwanza.

Naogopa, wifi. Sikuombi kitu, nakuambia tu.

Mama Pacha


19 Oktoba

Mama Pacha,

Salamu kwa nyumba nzima, na kwa magoti yaliyoko likizo.

Barua yako niliisoma Jumamosi kwa sauti, mbele ya wenzetu. Sikukuomba ruhusa, utanisamehe. Nilipofika kwa yule fundi cherehani nikaishusha karatasi. Nyundo akaipokea karatasi akamalizia yeye, polepole, bila swali hata moja. Kisha mdogo kuliko sisi sote, binti ambaye mwaka mzima huja, husikiliza na kuondoka, akasema na yeye kuna kitu amekiona kwenye kazi ya mkuu wake, na hajamwambia mtu. Akaanza kutueleza. Hatukuondoka pale mpaka alipomaliza, na Jumatatu wawili kati yetu walikwenda naye.

Jibu la yule mama na mimi sina. Nimelitafuta, sina.

Ila tarehe ishirini ya mwezi ujao hutaingia peke yako. Tumeshakata tiketi, mimi, Nyundo na huyo binti. Kaka yangu nimempigia. Nilimwambia, "Njoo utupokee." Akauliza, "Nami niingie humo ndani?" Nikamwambia hilo amwulize mkewe. Kwa hiyo akikuuliza, usishtuke. Jibu ni lako.

Siku yenyewe ni yako, sitafungua mdomo. Tutakaa nyuma, ukutani, mahali unapoweza kutuona. Ueleze tangu mwanzo, namba kwanza, usikimbilie kumaliza. Na kama fundi wa sauti atatazama viatu vyake tena, na mwanasheria akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote aliyekisikia ulichokisikia wewe, usihangaike kujibu. Inua macho tu. Utatuona tumesimama.

Wifi yako